Vipuri vya transmita ya FM kwa bei nafuu: mwongozo kamili kwa vituo vidogo

Kituo kidogo cha redio kinapozimika, simu ya kwanza hupigwa kwa aliyeuza transmita. Jibu lake huja na ankara: badilisha moduli nzima, lipa maelfu ya euro au dola, subiri wiki kadhaa. Zipo siku ambazo hakuna namna, inalipwa. Lakini mara nyingi ndani ya moduli hiyo kimekufa kitu kimoja tu, na kitu hicho hakikutengenezwa na kiwanda cha transmita. RVR na DB Elettronica wa Italia, OMB wa Hispania au Nautel wa Kanada hawatengenezi transista wala kapasita. Wanazinunua kwenye viwanda vingine kama unavyoweza kuzinunua wewe, kisha wanazipa namba zao wenyewe kwenye orodha ya vipuri.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kujua jina halisi la kitu kilichokufa. Ukishalijua, utajua pia kama ni cha kutafuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, cha kuagiza kwa wakala rasmi nje ya nchi, au cha kumrudia mtengenezaji bila kubishana. Mwongozo huu ni wa transmita za FM za wati 100 hadi kilowati 5 hivi, ambazo ndizo zinazobeba redio nyingi za jamii na za dini kwetu. Zile za valvu, zinazotumia chupa kubwa za kioo au kauri badala ya transista, nitazigusa baadaye.

Tafuta kilichoua kabla ya kutafuta kipuri

Transista ya amplifaya ya FM ni nadra kufa kwa uzee. Huuawa na joto, na umeme uliopanda ghafla, na radi, au na nguvu iliyorudi kutoka kwenye antena. Ukifunga mpya wakati muuaji bado yumo ndani, nayo itaungua, pengine kabla hujafunga mfuniko wa mtambo. Kipuri cha bei nafuu kikinunuliwa mara mbili si cha bei nafuu tena.

Anza na antena. Angalia daftari la kila siku la kituo (kama hamna daftari, lianzisheni leo) uone nguvu iliyokuwa inakwenda na nguvu iliyokuwa inarudi kabla ya tatizo. Transmita ya wati 1000 inayorudisha wati 40 ina SWR (kipimo cha jinsi antena inavyorudisha nguvu; 1 ndiyo bora) ya 1.5. Ikirudisha wati 110, SWR imefika 2, na hapo transmita nyingi huanza kujipunguza zenyewe au kujizima. Lakini zaidi ya tarakimu yenyewe, angalia mabadiliko. Kituo kilichozoea kuona wati 8 zikirudi, kisha baada ya mvua za masika zikawa 45, kina maji kwenye konekta au kwenye waya wa antena, na hakuna transista duniani itakayokausha maji hayo.

Kifaa kidogo kiitwacho NanoVNA, ambacho kimeenea tangu mwaka 2019 na huuzwa kwa makumi ya dola tu, kinakuonyesha hali ya antena yako kuanzia megahezi 87.5 hadi 108 ukikiunga chini ya mnara. Kwa maoni yangu kila kituo kinakihitaji kabla hata ya kuweka akiba ya transista. Angalizo moja: kama mnara una transmita za vituo vingine, nguvu zao zinaweza kuingia kupitia antena yako na kukiunguza. Omba nazo zizimwe kwa dakika chache, au tumia atenyueta, yaani kipunguza nguvu ya mawimbi.

Baada ya antena, angalia umeme. Fungua sehemu umeme unapoingilia utafute varista, vile visahani vya bluu au vya chungwa vinavyounganishwa kati ya waya za umeme ili kumeza umeme unaopanda ghafla. Varista iliyopasuka au kuwa nyeusi inakuambia umeme ulipanda, na huenda ilikufa ikiokoa vilivyobaki. Kisha shika feni kwa kidole ukiwa umezima kila kitu. Ikizunguka kwa ugumu au ikiyumba kwenye mhimili wake, umepata muuaji anayejulikana kuliko wote katika nchi zenye vumbi.

Pima kilichokufa

Usalama kwanza, na hapa sina mzaha. Zima, chomoa kabisa waya wa umeme, subiri, kisha pima kwa multimita kuhakikisha kapasita kubwa zimeisha chaji. Volti 50 za transmita ya transista zinaonekana ndogo, lakini amplifaya ya kilowati 1 hunywa karibu ampea 26 kwenye volti hizo, na pete ya ndoa ikigusa pale itayeyuka kidoleni. Transmita ya valvu ina maelfu ya volti. Hiyo usiifungue kama hujafundishwa na mtu anayeijua, na usiwe peke yako.

Transista nyingi za amplifaya zikifa huacha shoti kati ya miguu yake miwili, dreni na sosi. Weka multimita kwenye alama ya dayodi. Kwenye transista nzima, upande mmoja utasoma kama dayodi, nusu volti hivi, na ukigeuza nyaya itasoma wazi. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekwenda. Kwa kuwa bado imo kwenye saketi, vipimo vinaweza kukudanganya kidogo, basi linganisha na ya jirani yake iliyo nzima. Transmita ya kilowati 1 na kuendelea mara nyingi ina mbili au zaidi zinazofanana. Pima pia kati ya geti, mguu unaoiongoza transista, na sosi. Ikiwa geti imepiga shoti, angalia saketi inayoilisha bayasi (volti ndogo inayoiweka transista tayari kwa kazi), kwa sababu volti za dreni huwa zimepita humo zikirudi nyuma, na rezista ndogo au regyuleta (kidhibiti volti) ya huko huwa imeungua. Regyuleta hiyo ni ya bei ya soda. Ukiiacha, transista mpya itakosa bayasi au itapewa bayasi iliyozidi.

Usisahau kurudi nyuma hadi kwenye eksaita, sehemu inayozalisha mawimbi madogo ya kulisha amplifaya. Kuna nyakati amplifaya nzima inalaumiwa kumbe eksaita inatoa wati 2 badala ya 20.

Nunua muda

Hatua hii huokoa pesa kuliko zote, na watu huiruka kwa sababu ya presha. Mtambo ukiwa umezimika, mwenye kituo atalipa chochote kwa kipuri kufika kesho. Ukiwa hewani hata kwa nguvu ndogo, unaweza kulinganisha bei na kusubiri mzigo wa njia ya kawaida.

Kama transmita yako ina moduli mbili zinazounganishwa na kombaina, kifaa cha kujumlisha nguvu zao, moja ikifa hupati nusu ya nguvu, unapata robo. Moduli mbili za wati 500 zinatoa wati 1000. Moja ikifa, zile 500 zilizobaki zinagawanyika, 250 zinakwenda antena na 250 zinaliwa na rezista ya kombaina. Kwenye mtambo wa moduli nne, moja ikifa unabaki na asilimia 56. Hakikisha rezista hiyo inapata upepo wa kutosha, maana sasa ndiyo inayobeba joto. Kama mchoro wa mtambo unaruhusu kuiruka kombaina na kupeleka moduli iliyobaki moja kwa moja kwenye filta na antena, utapata zile wati 500 zote.

Kwa msikilizaji tofauti si kubwa kama inavyoonekana kwenye karatasi. Ukishusha kutoka wati 1000 hadi 500, nguvu ya mawimbi kule aliko msikilizaji inabaki asilimia 71 ya ilivyokuwa. Mjini hawatagundua. Vijiji vya mwisho wa eneo lako watagundua, basi watangazieni mapema kwamba kuna matengenezo. Na hata mtambo mzima ukiuendesha kwenye nguvu ndogo wakati wa joto kali, transista na kapasita zitakushukuru.

Jua jina halisi la kitu

Chukua feni kama mfano. Kwenye orodha ya mtengenezaji wa transmita utaikuta na namba isiyokuambia chochote, na bei ya kukushangaza. Sasa ichomoe uigeuze. Kibandiko katikati kitasema, kwa mfano, DC 24V, 0.8A, kisha jina la kiwanda kama ebm-papst, Sunon au Delta, kisha namba ndefu. Pima kwa rula: milimita 120 kwa 120, unene 38. Hesabu waya: zikiwa mbili ni za umeme tu; zikiwa tatu, wa tatu unapeleka taarifa ya mzunguko kwenye bodi ya udhibiti, na ukifunga feni ya waya mbili mtambo utalalamika kwamba feni imekufa. Tafuta namba ile kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) uone inasukuma hewa kiasi gani kwa saa na kwa mgandamizo gani. Hapo una jina halisi. Feni yenye ukubwa, volti, hewa na waya zilezile inafaa hata ikiwa ya kiwanda kingine. Feni nyembamba ya milimita 25 iliyotoka kwenye kompyuta itaingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu na kuzunguka vizuri tu, lakini haina nguvu ya kupenyeza hewa kwenye mapezi ya hitisinki (bamba la chuma la kupoza), na mwezi haujaisha utakuwa unatafuta transista.

Fanya hivyo kwa kila kitu. Kioo kidogo cha mistari miwili na herufi 16 kilichofifia kwenye transmita nyingi za zamani ni kilekile wanachotumia wanafunzi wa elektroniki, chenye mfumo wa HD44780, na kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi na Dar kwa bei ya chakula cha mchana. Linganisha mpangilio wa pini 16 na upande taa yake inapolishiwa. Rilei ina namba yake ubavuni. Pawa saplai ina kibandiko chake nyuma, ambacho mara nyingi huonekana ukishaitoa kwenye kasha la transmita.

Piga picha zenye mwanga wa pembeni, maana namba zilizochongwa kwa leza hazionekani ukimulika kwa mbele. Piga pia picha ya bodi nzima kabla hujachomoa hata waya mmoja. Na tafuta kitabu cha mtambo. Viwanda vingi vikiombwa kwa barua pepe yenye namba ya mfululizo ya transmita hutuma kitabu chenye michoro na orodha ya vipuri, hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza.

Vya kununua hapahapa

Feni, fyuzi, varista, rilei, regyuleta, vioo, swichi, rezista ndogo na kapasita za pawa saplai zote zinapatikana mjini. Hapa tahadhari ni kapasita. Chagua za nyuzi 105, usikubali za 85, kwa sababu kila joto la kapasita likipungua kwa nyuzi 10, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Volti ziwe sawa na za ile ya zamani au zaidi. Pima kabla ya kufunga, ukiwa na mita inayosoma ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita), kwa kuwa kapasita iliyokaa dukani miaka mingi au iliyovishwa koti jipya huonyesha ujazo mzuri na bado ikashindwa kazi. Nyepesi kupita kawaida kwa ukubwa wake? Irudishe.

Fyuzi weka ya ampea zilezile na aina ileile, ya haraka au ya polepole. Fyuzi kubwa zaidi haijawahi kuwa tengenezo.

Pawa saplai: angalia kwenye minara ya simu

Transmita nyingi za kisasa hutumia karibu volti 48 hadi 50. Hizo ndizo volti za minara ya simu, na kutokana na hilo kuna soko kubwa la rektifaya (pawa saplai za kugeuza AC kuwa DC) za mitumba zilizotoka huko. Eltek Flatpack2 ya wati 2000 ni mfano unaojulikana: inatoa kati ya volti 43.5 na 57.6, ina feni yake, na ina ulinzi wake. Ukiwa na mtambo wa kilowati 1 ambao pawa saplai yake ya asili imekufa na haitengenezwi tena, hii inaweza kuwa njia.

Lakini haichomekwi tu. Bila kompyuta yake ya kuiongoza, Flatpack2 hutoa volti 53.5, na kama amplifaya yako iliwekwa kufanya kazi kwenye 48, nguvu na joto vitapanda. Iweke volti zinazotakiwa kwanza, kwenye meza, ikiwa na mzigo wa majaribio. Pia kuna transmita ambazo bodi ya udhibiti hupandisha na kushusha volti za pawa saplai ili kurekebisha nguvu ya matangazo. Hizo ukizipa volti zisizobadilika, udhibiti unapotea na kinga ya nguvu inayorudi inaweza kupotea nayo. Soma mchoro. Kama huuelewi, saplai mpya ya viwandani kama za Mean Well, yenye volti na ampea sawa, ni rahisi kuifunga na bado ni nafuu kuliko ya kiwanda cha transmita.

Kabla ya hayo yote, fungua saplai iliyokufa. Nyingi zina kapasita zilizovimba, termista iliyopasuka, au mosfeti za upande wa umeme mkubwa zilizopiga shoti, na fundi mzuri wa vibadilisha umeme wa sola anazitengeneza.

Transista: hapa usicheze kamari

Kwenye mitambo ya karibuni utakuta majina machache yanayorudiarudia. BLF188XR ya Ampleon, wati 1400. MRFE6VP61K25H ya NXP, wati 1250. Kwenye ya zamani zaidi utakuta SD2932 ya ST, MRF151G na BLF278, zote za wati 300 na volti 50. BLF278 uzalishaji wake ulishakoma, na hizo tatu zimekuwa zikichukua nafasi ya nyingine kwa miaka mingi, mradi bayasi irekebishwe upya na mtambo upimwe. Usitoe transista ya kizazi hicho ukaweka ya LDMOS (aina ya BLF188XR na MRFE6VP61K25H) kwa kuwa tu umbo linakaribiana. Geti za LDMOS hufunguka kwenye volti ndogo zaidi, na bayasi ya zamani itaiua papo hapo.

Feki zipo za namna tatu. Kuna iliyofutwa namba na kuandikwa nyingine, kuna iliyotolewa kwenye mtambo wa zamani na kusafishwa, na kuna isiyo na chochote cha maana ndani. Ya pili inaweza kufanya kazi vizuri, na muuzaji mkweli atakuambia ni ya kutolewa na kukupa bei yake. Dalili za kuangalia: miguu yenye mabaki ya lehemu au iliyokatwa fupi; mikwaruzo ya skrubu kwenye bati la chini; maandishi yanayofutika kwa asetoni; msimbo wa tarehe wa baada ya uzalishaji kukoma; na herufi zisizofanana kwenye transista zinazodaiwa kutoka kundi moja. Bei nayo inasema. Transista ambayo wakala rasmi anaiuza kwa dola mia na zaidi, ikitangazwa mtandaoni kwa dola 30, na imesafirishwa bure juu yake, iache bila kufikiri mara mbili.

Nunua kwa mawakala wakubwa kama Mouser, Digi-Key au Farnell, au kwa maduka yaliyobobea kwenye vifaa vya redio kama RF Parts wa California, ambao huweka pia zilizokoma kuzalishwa. Tovuti za Ampleon na NXP zina orodha ya mawakala wao, na dakika tano za kuisoma zina faida kuliko wiki ya kubishana na muuzaji wa mbali.

Ugumu unaofuata ni kufunga. Transista ya kilowati na zaidi mara nyingi imelehemiwa moja kwa moja kwenye bamba la shaba, na kuitoa kunahitaji jiko la sahani lenye joto linalodhibitiwa. Kama huna, nunua paleti, yaani bodi ndogo iliyokamilika, transista ikiwa tayari juu ya shaba yake. Ni ghali kuliko transista peke yake, lakini humwepusha fundi na kazi inayoharibika kirahisi. Kwenye mtambo wenye paleti mbili au nne zinazounganishwa, hakikisha mpya ni ya aina ileile. Paleti zenye ukuzaji au fezi tofauti hupigana, na ugomvi wao unaishia kuwa joto kwenye rezista ya kombaina.

Kapasita ndogo za mraba zinazoizunguka transista ni za kauri maalumu, zile za ATC ambazo sasa ziko chini ya Kyocera AVX. Iliyoungua usiibadilishe kwa kapasita ya kauri ya kawaida ya dukani yenye ujazo uleule. Itachemka na kupasuka ndani ya muda mfupi.

Onyo kuhusu afya: transista za zamani kama BLF278 na rezista nyingi za kombaina zina kauri ya oksidi ya berili. Ikiwa nzima haina shida. Vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu moja kwa moja. Usiipasue, usiipige tupa, usiichome kwenye moto wa taka. Iliyopasuka ifunge kwenye mfuko wa plastiki, funga tena kwenye wa pili, uandike juu.

Mitumba ya Ulaya, na valvu

Norway ilizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, na shirika la utangazaji la Uswisi likazima ya kwake mwisho wa 2024. Mitambo ya aina hiyo iliyostaafu, ambayo mingi ilitunzwa vizuri kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, huuzwa kwa bei ya chini kwa kuwa kule haina kazi. Kwa kituo chenye transmita ya aina ileile, kununua moja nzima kwa ajili ya vipuri kunaweza kuwa nafuu kuliko moduli mbili mpya. Omba video ikiwa imewashwa kwenye mzigo bandia, ule mafundi wanaouita dami lodi, unaomeza nguvu badala ya antena, huku kioo kikionyesha nguvu na muda ambao mtambo umefanya kazi. Ya Marekani iangalie volti: transfoma ya 120 haitaki umeme wetu wa 230.

Kwenye minara ya simu iliyobomolewa pia kuna waya wa inchi 7/8 na konekta za 7/16, vitu vilevile vinavyofaa kwa FM ya kilowati 1 au 2. Waya huo hupoteza karibu desibeli 1.2 tu kwa mita 100 kwenye FM. Kata kipande kidogo kwenye kila ncha uangalie shaba: ikiwa ya kijani au nyeusi, maji yalishaingia. Uwe na uhakika pia kwamba aliyeuza ana haki ya kuuza, maana wizi wa nyaya za minara upo.

Valvu, kwa wenye mitambo ya zamani: kuna viwanda vinavyozifanyia ukarabati zile kubwa kwa bei iliyo chini ya mpya, mradi urudishe mwili wa ile iliyochoka ukiwa haujavunjika. Kwa hiyo usitupe valvu mfu. Na mpya ikiwashwa, acha filamenti ipate moto kwa muda uliotajwa kwenye datashiti kabla ya kupandisha volti.

Kusafirisha na forodha

Mzigo ukiandikwa "transmita" utachukuliwa kuwa transmita, utaombwa kibali cha mamlaka ya mawasiliano, na utakaa. Mwambie muuzaji aandike kila kitu kwa jina lake na namba yake ya ushuru: transista ziko chini ya 8541, valvu 8540, kapasita 8532, pawa saplai 8504, feni 8414, na sehemu nyingine za transmita 8529. Transmita nzima ndiyo 8525. Viwango vya ushuru vinatofautiana baina ya namba hizi, basi mpe wakala wako wa forodha orodha kabla ya kulipia, akupe makisio kwa maandishi. Ongeza VAT, asilimia 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya. Usikubali thamani iandikwe pungufu. Mzigo ukipotea, bima italipa kilichoandikwa.

Kubadilisha kipuri cha ndani ni matengenezo. Kubadilisha masafa, nguvu, antena au mahali pa mnara ni jambo la leseni, na unatakiwa uwaone kwanza mamlaka ya mawasiliano: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, au ya nchi yako.

Kufunga na kuwasha

Safisha bati la hitisinki mpaka ling'ae, paka grisi ya joto nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake, kaza skrubu kwa zamu. Rudisha bayasi kwenye kiwango cha chini kabisa kabla ya kuwasha. Unganisha mzigo bandia wenye uwezo wa kutosha, punguza kikomo cha ampea cha saplai, pandisha bayasi polepole bila mawimbi kuingia hadi ufikie mkondo wa kupumzika uliotajwa kwenye kitabu. Ndipo ulete eksaita kwa nguvu ndogo. Datashiti zinaposema transista inastahimili SWR ya 65 kwa 1, zinazungumzia maabara yenye ubaridi wa uhakika, si kibanda cha bati saa nane mchana.

Mwisho angalia usafi wa mawimbi, kwa spektramu analaiza (kifaa kinachochora mawimbi kwa masafa yake) au hata ile ndogo iitwayo tinySA, yenye atenyueta ya kutosha mbele yake. Juu tu ya megahezi 108 inaanza bendi ya ndege, inayokwenda hadi 137, na amplifaya iliyotengenezwa vibaya inaweza kutapika humo bila msikilizaji wako kusikia kasoro yoyote. Ukiona kwenye kioo cha kifaa hicho vilele vya mawimbi nje ya masafa yako, zima, hata kama mkurugenzi amesimama mlangoni.

Kabati la akiba

Weka feni moja ya kila aina, fyuzi, varista, kapasita za saplai, regyuleta za bayasi na, pesa ikiruhusu, transista moja au paleti moja. Vituo viwili au vitatu vya mkoa mmoja vyenye transmita za aina moja vinaweza kuchangia hiyo ya mwisho, na kukubaliana kwa maandishi nani atanunua nyingine ikishatumika. Transista ikae kwenye mfuko wake wa kuzuia chaji mpaka siku ya kazi. Kapasita kubwa za akiba ziwekewe volti polepole mara moja kwa mwaka kupitia rezista, na tarehe iandikwe kwa kalamu kwenye mwili wake.